Mgeni wa Kiti cha Tatu

Mchezo ule wa ubao ulitaka watu watatu, nao walikuwa wawili tu: Dominiko, fundi wa mashine ya kuchakata mkonge, na Ernesti, karani wa stoo. Meneja mzungu aliuacha klabuni serikali ilipotaifisha shamba. Kila mchezaji alijenga ndege ya vita ya zamani, zile za mbawa za kitambaa. Unaanza na fremu, unaweka nyaya, bunduki, mwisho injini. Ukizidisha uzito, haipai. Ya kwanza kupaa ndiyo inayozilipua nyingine.

Jumamosi moja alasiri, mvua ikinyesha, ikasikika hodi. Dominiko alikuwa amezama kwenye uzito wa bunduki yake. Bila kuinua macho akajibu kama ambavyo yeyote kati yetu angejibu, "Karibu, kaa, tunacheza."

Hakuingia mtu. Kiti cha tatu kikalia kana kwamba kimekaliwa. Harufu ya petroli na kitambaa kilichoungua ikajaa chumbani, na upande ule mtupu wa ubao, fremu ndogo ya mti ikajisimamisha yenyewe.

"Domi," Ernesti alinong'ona, "umemkaribisha nani?"

Jumatatu Ernesti alikuwa ameshakimbilia kwa shemeji yake kule Kabuku, wala hakuaga. Dominiko hakuwa na pa kukimbilia. Siku aliyothubutu kukwepa mchezo, binti yake Josefina alishikwa na homa. Basi kila alipotoka kazini, mwili umekwisha, alikwenda kucheza na kiti kitupu. Ndege ya mgeni ikazidi kukua. Mbawa zilivikwa kipande cha gauni la Josefina. Nyaya zilikuwa nywele zake. Ikabaki injini tu, na huko nyumbani moyo wa mtoto ukaanza kudunda kwa nguvu hata mama yake, Hilaria, akausikia akiwa jikoni, na mlio ule haukuwa tena wa moyo bali wa chuma kinachowashwa, kinakohoa, kinazimika, kinawashwa tena.

"Nenda kwa mzee Semboja," Hilaria alisema kwa sauti ya chini. "Mimi hata machozi yameniishia."

Mganga alimsikiliza, akatikisa kichwa.

"Angeingia mwenyewe, ningemfukuza. Huyu ulimkaribisha, mwanangu. Ukimfukuza ataondoka na mtoto. Msindikize. Mbebee mzigo wake, na usigeuke mpaka akuruhusu mwenyewe."

Dominiko akabeba boksi la mchezo, akashika barabara ya Handeni. Alikuwa amechoka, amechoka hadi kwenye mifupa. Kando yake buti zilikanyaga changarawe, na hapakuwa na mtu ndani ya buti hizo, wala buti zenyewe hazikuonekana. Walipokipita kijiji cha Sindeni, sauti ikamwambia sikioni, "Inatosha, kaka. Rudi kwa mwanao."

Dominiko akaweka boksi chini, akalia kwa furaha bila aibu. Akageuka kurudi nyumbani Korogwe. Buti nazo zikageuka.

"Umenileta mbali mno," sauti ikasema kwa adabu. "Si vizuri urudi peke yako. Nami nikusindikize kidogo."

Dominiko akasimama. Akilini alimwona Josefina kitandani, akamwona Hilaria mlangoni. Hakukasirika, nguvu za kukasirika hakuwa nazo. Aliinama, akaokota boksi, akaipa njia ya nyumbani kisogo.

"Twende, mgeni," akasema. "Bado sijakufikisha."