Tochi Iliyozimwa

Jumamosi ya mwisho ya Septemba, Evod hakurudi kunywa chai.

Agnella alikuwa jikoni. Viazi vitamu vilikwisha kuiva. Mumewe alikuwa na mazoea ya kutoka alfajiri kwenda kutazama nyota, na wiki hiyo aliitafuta nyota yenye mkia, kisha kurudi jua likichomoza.

"Bwana Nyota amerudi," Agnella alizoea kumtania. "Leo wamekupa nini huko juu?"

"Wamenipa njaa, mke wangu. Mimina chai."

Siku hiyo chai ilipoa. Aliyeingia uani alikuwa Silvano, jirani yao, askari wa wanyamapori wa kijiji. Alikuwa amevua kofia. Nyuma yake wanaume wanne walibeba mlango wa mbao. Juu ya mlango palikuwa na kitu kilichofunikwa shuka.

"Shemeji, kaa chini kwanza," alisema Silvano.

Agnella hakukaa. Buti la mvua la mumewe lilikuwa limetokeza nje ya shuka.

Kiboko alikuwa amemkuta Evod kwenye tuta la mfereji, kati ya majaruba ya mpunga na mto. Darubini ilikuwa bado shingoni mwake. Tochi ilikuwa mfukoni, imezimwa.

Walimzika Jumapili. Matangani watu walinong'ona. Bibi Theodosia, mama yake Evod, hakunong'ona. Alisema wazi, "Mwanangu alihesabu nyota. Tulimkataza tangu mdogo. Sasa nyota yenye mkia imekuja kumchukua."

Agnella aliingia ndani. Aliichukua darubini akaifukia ndani ya gunia la pumba. Daftari ambamo mumewe aliandika nyota alizoziona akaliweka chini ya godoro. Kisha alimwita binti yake, Leticia, aliyekuwa kidato cha tatu.

"Katika nyumba hii hakuna tena wa kutoka gizani kutazama juu. Umenisikia?"

Leticia aliinamisha kichwa.

Siku ya tatu baada ya mazishi, jogoo walipowika mara ya kwanza, Agnella alipapasa kitanda cha binti yake. Kilikuwa baridi. Katika chumba cha pili, pumba zilikuwa zimemwagika sakafuni.

Alitoka mbio akimwita Silvano. Silvano alitokea na tochi kubwa mkono mmoja na debe tupu mkono wa pili.

"Usikimbie, shemeji. Kaa nyuma yangu. Piga debe hili, lisinyamaze."

Walishika njia ya majarubani. Agnella alipiga debe huku machozi yakimtoka. Mwanga wa tochi ulipita juu ya mabua makavu, ukapita juu ya maji ya mfereji, ukamfikia Leticia. Alikuwa amekaa juu ya tuta, palepale baba yake alipouawa, ambapo nyasi zilikuwa bado zimelala. Hakuwa na taa.

Silvano aligeuza tochi upande wa majarubani. Macho mawili mekundu yaliwaka.

"Leticia," aliita taratibu. "Umekaa kwenye njia yake ya kurudi mtoni. Inuka polepole. Njoo kushoto. Kushoto, mwanangu."

Msichana aliinuka. Alipiga hatua kumi, labda kumi na tano. Kisha ardhi ilitetemeka. Kiboko alipita mbio juu ya tuta, mahali Leticia alipokuwa amekaa, akajitupa majini.

Walirudi pamoja mpaka uani. Hapo Agnella alimkamata binti yake mabega yote mawili.

"Unataka nikuzike na wewe? Jibu! Mlango ule uliombeba baba yako haujakauka!"

"Baba hakuiona, mama," Leticia alilia. "Ukurasa wa Jumamosi katika daftari lake ni mtupu. Na nyota hii ikishapita, hairudi tena sisi tukiwa hai. Nilitaka nimjazie."

"Nyota ileile iliyomuua!"

"Hapana, shemeji," alisema Silvano. "Nyota hii yenye mkia, kometi, imeonekana dunia nzima. Kama ingekuwa inaua, nani angebaki wa kuzika wenzake? Evod ameuawa na kiboko. Na nitasema ukweli, hata kama unauma. Alizima tochi."

"Kwa nini azime?" Agnella aliuliza. "Mtu mwenye akili zake?"

"Ili macho yazoee giza. Yanahitaji kama nusu saa. Ukiwasha taa nyeupe, unaanza upya. Basi alizima tangu hapa nyumbani, ili akifika kule aone vizuri. Viboko hupanda giza linapoingia, wakala usiku kucha, wakarudi mtoni kabla ya jua. Wana njia zao. Ukisimama kati ya kiboko na maji, haulizi wewe ni nani. Nilimwambia Evod. Akasema, 'Kaka, ni dakika chache tu.'"

"Lakini mashariki ni peupe kulekule tu," alisema Leticia. "Hapa nyumbani miti inaziba."

"Lete daftari," alisema Silvano.

Leticia alimtazama mama yake. Agnella aliingia ndani, akainua godoro, akalileta. Silvano alifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Alisoma kwa sauti:

"'Alfajiri nitaitafuta mwenyewe. Kuanzia tarehe 12 Oktoba itahamia jioni, upande wa magharibi. Hapo tutaitazama wote uani.'"

"Itahamiaje?" aliuliza Agnella.

"Evod alinieleza siku aliyonisindikiza doria. Kometi ni donge la barafu na vumbi. Linalizunguka jua. Likikaribia jua, joto hutoa vumbi na mvuke, ndio huo mkia. Sasa liko upande wa alfajiri. Likishapita jua, tutaliona jioni."

Agnella alihesabu vidoleni.

"Wiki mbili," alisema. "Angengoja wiki mbili, ingemfuata hapahapa mlangoni."

Silvano alilifunga daftari.

Walingoja. Siku za kwanza moshi wa mashamba ulifunika anga. Kisha mbalamwezi ikawa kali mno. Silvano alisema wasubiri mpaka mwezi uanze kuchelewa kuchomoza. Akamwonyesha Leticia namna ya kufunga kipande cha mfuko mwekundu, mikunjo miwili, mbele ya tochi, akakikaza kwa utepe wa mpira wa baiskeli.

"Mwanga mwekundu hauharibu sana macho yaliyozoea giza. Lakini sikiliza. Nyekundu ni ya kusomea daftari ukiwa umekaa uani. Ukitembea, nyeupe, na mwenzako pembeni. Usichanganye."

"Nyekundu kukaa, nyeupe kutembea," alirudia Leticia.

Jumapili ya tarehe 20, jua lilipozama nyuma ya milima ya Udzungwa, Agnella mwenyewe alimwaga maji kwenye moto wa jikoni. Walikaa kwenye mkeka, giza likakolea. Bibi Theodosia alibaki ndani, lakini mlango aliuacha wazi.

"Anza na Zuhura, ile nyota kali kuliko zote juu ya mlima," alisema Silvano. "Nyoosha mkono. Panda juu kuelekea kulia, kama upana wa ngumi mbili au tatu. Usikaze macho. Tazama pembeni yake kidogo."

Muda ulipita. Mbwa walibweka mbali.

"Naona kiwingu," alisema Leticia. "Kimesimama wima."

"Wingu hupeperuka. Hicho je?"

Leticia alingoja. "Kimetulia."

"Chora na nyota zilizo jirani yake. Kesho chora tena. Nyota zitakuwa palepale, yenyewe itakuwa imehama. Hapo ndipo utajua umeipata."

Agnella alipokea darubini. Ilikuwa na chembe za pumba. Aliona alama hafifu, kama unga uliopanguswa kwa kidole kwenye meza.

"Ni hii tu?" aliuliza.

"Ni hiyo, shemeji."

"Hii tu," alisema tena. Aliendelea kuitazama mpaka mikono ikachoka.

Jumatatu Leticia alichora tena. Kometi ilikuwa imehama. Aliandika tarehe na saa. Ukurasa wa Jumamosi ile hakuugusa.

Siku hizi tochi yenye mfuko mwekundu inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Wanafunzi wanaopenda nyota hukutana uani kwa Agnella, jioni, na hakuna anayekwenda tutani. Kiboko yule hakuuawa. Giza likiingia hupanda kutoka mtoni, hula majani, na kabla ya jua kuchomoza hurudi majini kwa njia ileile.