Seli za Kitinda

Ilikuwa Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Dada alipofungua kabati la joto la maabara, linamokuzwa seli, na kukutana na harufu ya mafuta ya nywele.

"Leo unatoka na nani, bibie?" mwenzake wa meza ya pili alimtania. "Umenukia mpaka seli zangu zimegeuka kukutazama."

Dada hakucheka. Humo maabara hakuna aliyeruhusiwa kuingia akiwa amejipaka manukato. Na mafuta yale aliyajua. Ndiyo aliyokuwa akimpaka mdogo wake hospitalini, mpaka nywele zilipokwisha.

Kitinda, kama walivyomwita nyumbani, alikufa kwa saratani dawa mpya ikiwa bado inatengenezwa. Kabla ya kufa alikubali kipande cha uvimbe wake kikuzwe kwenye chupa za maabara ya dada yake, dawa ijaribiwe humo. Kanuni ilikuwa sampuli ziitwe kwa namba tu. Lakini Dada, kila alipozibadilishia seli zile lishe, alinong'ona, "Kula, Kitinda, kula mpenzi wangu."

Jumanne hiyo kitu kiliitika.

"Abee, Dada."

Akafunga mlango. Akaufungua. Chupa zilikuwa zimetulia. Lakini alipochukua bomba la sindano lenye dawa, ile ile ambayo wagonjwa wasingeipata bila jaribio hili, sauti ikarudi, nyembamba, ikitokea ndani ya kabati na kumpanda mkono mpaka sikioni, ikisema Dada inauma, Dada usiniunguze, niache nikae, huku harufu ikizidi kuwa nzito na kioo cha kabati kikifanya ukungu kwa ndani, na kwenye ukungu ule vidole vyembamba vikijibonyeza kimoja kimoja, vikitafuta kiganja chake.

Dawa ikarudi kwenye friji.

Jioni alimsimulia mama. Alidhani ataulizwa kama analala vizuri. Mama aliacha kukunja nguo.

"Alisema inauma?"

"Alilia, mama."

"Basi si wangu." Mama aliongea chini chini, kana kwamba kuna mtu mlangoni. "Wangu alikuwa anakata roho huku ananiuliza kama nimekula. Umeita jina juu ya nyama isiyo na mwenyewe, mwanangu. Ulidhani nani angeitika?"

"Ni jini?"

"Mimi najua tu wangu nilimzika. Na kuna mama mwenzangu saa hizi amekaa kando ya kitanda, anaisubiri hiyo dawa. Nenda kaitie. Likikuita, usiitike."

"Mama, ndicho kilichobaki chake."

"Najua," mama alisema, na uso ukamharibika.

Asubuhi yake Dada alifika kabla ya wenzake. Alitia dawa chupa ya kwanza, kisha zote zilizobaki. Sauti ililia. Ikatukana. Ikabembeleza. Halafu ikachoka, ikawa ndogo kama ya mtoto aliyeamka na kukuta chumba kitupu.

"Dada, upo?"

Alijua si yeye. Alijua vizuri kabisa. Lakini Kitinda alipokata roho, Dada alikuwa kazini, kwenye meza hii hii. Akavuta kiti, akaegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Nipo," alisema, akawa anaitika kila alipoitwa, mpaka hapakuwa tena na anayeita.