Kinenasikio cha Bi Somoe

Juu ya bandari ya Mtwara, buibui wa chuma arobaini walining'inia kwenye nyaya, kila mmoja amekumbatia kontena la tani ishirini, na wote wamegoma. Hawakuwa wabovu. Walikuwa wanasubiri sauti. Tangu ile ajali iliyoua watu gatini, sheria ya jiji ilikataza mashine kupitisha mzigo juu ya vichwa vya watu mpaka binadamu aseme "pita" kwa mdomo wake. Binadamu huyo aliitwa mnenaji, naye alifanya kazi nyumbani kwake, kavaa kinenasikio, yaani hedifoni yenye maikrofoni nyembamba mbele ya mdomo.

Mnenaji wa buibui hawa alikuwa Bi Somoe. Alikuwa ametoka eda wiki iliyopita tu, na leo ndiyo alikuwa anarudi kazini.

"Pita!" alisema. Kimya. "Jamani, piteni basi!"

Kwenye kioo cha meza yake, mstari wa sauti ulitikisika kidogo, ukalala. Kampuni ilikwisha kumwonya mara mbili: buibui wasipotembea kufikia saa sita mchana, watapewa mnenaji mwingine. Na kazi hii, baada ya mumewe kufariki, ndiyo ilikuwa sababu pekee ya Bi Somoe kuamka asubuhi. Msimcheke. Nyumba tupu ni nzito.

Saa nne akaja Fundi Akwilina, binti wa mtaa wa pili, na mkoba wake wa vifaa. Hata kukaa hajakaa, kawekewa chai na vitumbua, maana Bi Somoe hakuwa mtu wa kumfanyisha mgeni kazi na njaa. Akwilina akala kimoja kwa heshima, akaanza. Alichomoa waya, akauchomeka upya. Akasafisha sponji ya maikrofoni kwa spiriti. Akapandisha kipimo cha sauti mpaka mwisho. Mstari ukabaki palepale.

"Maikrofoni nzima kabisa, mama," alisema, akajikuna kichwa. "Hebu niambie, kabla ya msiba ulikuwa unafanyia kazi wapi?"

"Hapahapa. Kitanda cha marehemu kilikuwa pale, nyuma yangu. Miaka sita."

"Na ulikuwa unaongea kwa nguvu hivi?"

"We! Nyumba ina mgonjwa, nipige kelele? Nina wazimu? Nilikuwa nanong'ona." Akamwonyesha, kwa sauti ya kumlaza mtoto: "Pita."

Mstari ukaruka mpaka juu. Kule bandarini, nje ya dirisha, buibui mmoja akanyoosha miguu na kuondoka na kontena lake.

"Mtume!" Bi Somoe akashika kifua.

Akwilina akaelewa. Ndani ya kinenasikio mlikuwa na kichujasauti, akili ndogo inayojifunza sauti ya mwenye kifaa na kuzima nyingine zote. Kwa miaka sita kilijifunza kwamba Bi Somoe ni mnong'ono. Huyu mama anayeongea kwa nguvu kilimwona mgeni, kikawa kinamnyamazisha.

"Basi nitanong'ona tu."

"Unaweza. Lakini mgonjwa hayupo tena, mama." Akajuta hapohapo kulisema.

Bi Somoe akaangalia pale kitanda kilipokuwa. Sakafu ilikuwa bado na alama za miguu ya kile kitanda. "Futa kilichojifunza," alisema.

Kabla ya kufuta, kifaa kilionyesha kelele zote kilizozoea kuzima, kila moja na vipande vyake vilivyorekodiwa ili kesho kizitambue: feni, jogoo wa jirani, kikohozi cha mwanamume. Mwisho kabisa: sauti hafifu ya mwanamume, iliyosikika siku kumi na tisa.

"Hiyo ni nini?"

"Kilidhani ni kelele, mama. Na wewe masikio yako yalikuwa yamezibwa."

"Niwekee nisikie."

Ikatoka sauti ya marehemu, Mzee Chitanda, nyembamba, ya mtu aliyebakiza pumzi chache. "Somoe. Ongea kwa nguvu, mke wangu. Sijalala. Nikikusikia unawafokea hao buibui wako, najua bado nipo." Akakohoa. "Somoe?" Halafu mnong'ono wa Bi Somoe mwenyewe, ukiendelea na kazi mbele ya kitanda: pita, pita, pita.

"Alikuwa ananiita," Bi Somoe alisema, machozi yanamtoka. "Ananiita, na mimi nimempa mgongo. Nikivua hiki kidude nikageuka, namkuta kalala. Nafurahi. Nasema, afadhali leo kapumzika."

Akwilina akamshika mkono mpaka chai ikapoa. Kisha akainakili ile sauti pembeni, akafuta mengine yote.

Saa sita kasoro dakika saba. Kifaa kikaomba mwenye nacho aseme chochote kwa sauti yake ya kawaida. Bi Somoe akafungua mdomo, ukatoka mnong'ono.

"Siyo hivyo, mama."

Bi Somoe akakigeuza kiti, akaelekea pale kitanda kilipokuwa.

"Haya, Chitanda!" alipaza sauti. "Nimekusikia! Nimechelewa, lakini nimekusikia!"

Mstari ukapanda, ukabaki juu.

Buibui wakaanza kupita mmoja baada ya mwingine. Siku ile Bi Somoe alifanya kazi mpaka alasiri akiwa ameelekea upande ule ule, anawafokea kwa nguvu zake zote, na hakuna jirani aliyemwambia apunguze.