Mfarishi wa Leso Nane

Kitendawili! Semeni tega.

Kuna mnyama mweusi, hana mdomo, na hula jua mchana kutwa. Ukimfunika hulala. Ukimfunua huuma.

Msijibu upesi. Zaid bin Idarus alilijua jibu lake kuliko mtu yeyote wa mtaa wa Kuze, na mnyama huyo ndiye aliyemuua.

Alikutwa saa tano ya asubuhi, siku ya Jumatano, juu ya dari, lile paa tambarare la madrasa. Alikuwa amelala kifudifudi baina ya safu mbili za paneli za sola, mikono mbele, kama mtu aliyesujudu akachelewa kuinuka. Viganja vyote viwili vilikuwa vimeungua.

Inspekta Mwanatumu alipanda ngazi nyembamba za madrasa akihema. Daktari wa polisi alikuwa amekwisha kupiga magoti kando ya maiti.

"Umeme," alisema daktari. "Umeingia mkono huu, ukapita moyoni, ukatokea huu."

"Nani aliyemwona mwanzo?"

"Mimi, afande." Alikuwa Benard, fundi mwenzake marehemu. "Nilikwenda Shimanzi kuchukua vibanio vya paneli kwenye bohari. Niliporudi nikamwita. Kimya."

"Uliondoka saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu. Tuktuk iliyonipeleka ndiyo iliyonirudisha. Dereva yuko chini, muulize."

Mwanatumu alituma mtu akaulize. Ilikuwa kweli.

"Mliwahi kugombana?"

"Na Zaid? Zaid hagombani na mtu, afande. Ukimtukana anakuuliza kama umeshakunywa chai."

"Swichi je, ilizimwa?"

"Imezimwa, hii hapa. Lakini sola si kama umeme wa nguzo. Paneli ikipigwa na jua inatoa umeme tu, hata swichi uizime. Ndiyo maana tunafunika kwanza, halafu tunashika nyaya."

"Hapa mlifunika na nini?"

"Mfarishi wake. Mzito, mpana, una kitambaa cheusi kwa ndani. Hatoki nyumbani bila huo. Nilipoondoka ulikuwa umetandazwa hapa."

Wote walitazama paneli. Zilikuwa wazi, ziking'aa juani. Mfarishi haukuwapo.

Ngazi ikalia. Mzee Idarus, babake Zaid, alipanda polepole, kofia mkononi. Alikuwa fundi wa milango ya nakshi, na kwa miaka hamsini hajaacha kazi ikatoka na kasoro. Hakulia. Alimtazama mwanawe, akatazama nyaya, akatazama tena mwanawe.

"Mwanangu alikosea wapi?" aliuliza.

Akainama, akazifuata nyaya kwa macho, moja moja.

"Fundi akifa kazini, pana mahali alipokosea. Nionyesheni. Mwanangu alikosea wapi?"

Mwanatumu alitoa daftari lake. Maalim Kamaludin, mwalimu mkuu wa madrasa, akamvuta kando.

"Inspekta, waliotufadhili paneli hizi wamenipigia simu. Wasema ikiandikwa kuwa ni uzembe wa fundi, zitashushwa. Na nyumba kumi na mbili zilizokuwa zangojea zamu yao, basi. Na jina la Zaid litabaki jina la mzembe, yeye aliyetuletea taa."

"Alianzaje kazi hii?"

"Alikuwa karani wa malori kule Shimanzi. Mkewe, Maisara, alifariki akijifungua papa hapa Kuze, huu mwaka wa tatu. Umeme ulipotea mtaa mzima. Mkunga yuwapokea mtoto kwa mwanga wa simu, nayo simu ikazima. Wakaenda wote wawili, mama na mtoto. Ilipopita arubaini, Zaid akaacha malori akaenda kusomea jua. Aliniambia, 'Maalim, hapafi mtu tena gizani Kuze, nami ni hai.'"

Maalim akajifuta macho kwa pembe ya kilemba.

Kabla maiti haijateremshwa, Mwanatumu alikagua paneli moja moja. Kwenye ncha ya fremu ya mwisho, upande wa ukuta wa jirani, kulikuwa na kipande cha nguo kidogo kama ukucha. Chekundu, na nusu ya ua jeupe. Pindo la leso. Alikitia ndani ya bahasha ya ushahidi, akaandika saa na mahali.

Zaid alizikwa siku ile ile, baada ya alasiri.

Kesho yake Mwanatumu alirudi Kuze. Jirani wa kwanza alikuwa Bayan, mshona kofia, aliyekuwa barazani kwake jana tangu aliposhuka darini, mbele ya macho ya watu.

"Ulisikia nini jana?"

"Nilimsikia Zaid akipiga hodi juu. Mara tatu, kama ada. Nikajitanda, nikashuka."

Mwanatumu aliielewa ada hiyo. Madari ya Kuze yamegusana, na huko juu ndiko wanawake wanakoanika nguo zao vichwa wazi. Mwanamume akitaka kupanda, sharti apaze sauti kwanza, wapate kujisitiri.

"Baada ya hodi yake, ulisikia hodi nyingine?"

"La."

"Labda alipanda mtu kimyakimya."

Bayan akacheka bila furaha. "Mwanamume? Apande dari la Kuze kimya? Angepigwa mawe na mamake mwenyewe!"

Mwanatumu alifunga daftari. Hakuna hodi ya pili, basi hakuna mwanamume wa pili. Aliyepanda hakuwa na haja ya kubisha. Madari matatu yaligusana na la madrasa: la Bayan, la nyumba tupu iliyoanguka ngazi, na la Bimdogo.

Bimdogo alikuwa mamake Maisara. Mkwewe Zaid.

"Hodi."

"Karibu, mwanangu. Panda."

Chumba cha juu kilinuka udi. Bimdogo alikaa mkekani, mwembamba, macho yamevimba. Dirishani palikuwa na sinia la ndimu za achari, zimekauka upande mmoja tu.

"Pole na msiba, Bimkubwa," alisema Mwanatumu kwa heshima.

"Tushapoa."

"Hukwenda matangani."

"Miguu."

Pembeni palikuwa na kapu la kufukizia nguo, na juu yake leso. Mwanatumu alizihesabu kwa macho. Nane. Alikaa chini, akachukua iliyokuwa juu. Pembezoni kote ilikuwa na vitundu vya sindano, kama nguo iliyoshonwa ikafumuliwa. Pembe moja ilikuwa imechanika.

Alitoa bahasha yake, akakiweka kile kipande penye pengo. Nusu ya ua ikapata nusu yake.

"Hizi ni leso za nani?"

"Za mwanangu Maisara."

"Mpaka jana asubuhi zilikuwa wapi?"

Bimdogo aliligeuzia mgongo lile kapu.

"Bimkubwa, una haki ya kunyamaza. Utakalolisema nitaliandika."

"Andika. Mimi nimeishia darasa la nne, mkono wangu mzito." Akavuta pumzi. "Maisara alipofariki nilimwomba Zaid leso moja. Moja tu, ile aliyojifunga siku ile. Akaniambia, 'Mama, nimezitoa sadaka zote.' Nikasema alhamdulillahi, thawabu zimfikie. Miaka mitatu, mwanangu! Kila nikikutana na maskini njiani naitazama leso yake. Labda ndiyo hiyo. Mmoja aliniuliza, 'Bimkubwa, wewe nawe waomba?'"

"Na jana?"

"Nimepanda kuanika ndimu zangu. Nachungulia ukutani, naona leso za mwanangu. Zote nane. Zimeshonwa pamoja, zimetandazwa juani juu ya mavyuma, kama matambara ya gereji. Alinidanganya. Damu ikanipanda. Nikaruka ule ukuta, mimi na miguu yangu hii, nikashika pindo."

"Ukavuta."

"Nikavuta."

"Zaid alikuwa akifanya nini?"

"Ameinama. Mikono i ndani ya nyaya."

"Alikuona?"

"Aliniona."

"Alisema nini?"

Bimdogo alitazama ndimu zake.

"Bimkubwa, nakuuliza taratibu, ujibu taratibu. Ulijua kwamba nguo ile ndiyo iliyokuwa ikimlinda?"

Peni ya Mwanatumu ikasimama juu ya karatasi. Miaka kumi na saba ya kazi ilikuwa imemfundisha uzito wa swali lile. Akisema hakujua, ni ajali, na mama huyu atalala kitandani kwake leo. Shahidi hakuna. Aliyekuwapo mwingine yuko kaburini.

Chini mlango ukabishwa.

"Hodi, mkwe!" Ilikuwa sauti ya Mzee Idarus. Alipanda kwa kituo, mkononi ana sahani iliyofunikwa kawa. "Hukuonekana matangani, mkwe. Nikasema huyu mwenzangu ana msiba mara mbili, na hapana wa kumpelekea chakula. Hii sahani yako."

Alimwona inspekta. Halafu akaziona leso.

Aliweka sahani mkekani, akainua moja, akapitisha kidole gumba juu ya vitundu vya sindano, kama apimaye nakshi ya mlango.

"Mishono ya Zaid," alisema polepole. "Alikaa karakanani kwangu siku nne akishona. Nikamwambia, 'Nunua turubai, we mwehu, wacha kuharibu leso za watu.' Akaniambia, 'Baba, Maisara alikufa gizani. Nataka kila nyumba inayotiwa taa, awepo.' Nikamuuliza, 'Mamake je, hazitaki?' Akasema, 'Anataka. Nimemdanganya, baba. Siwezi kuachana nazo hata moja. Nikimaliza nyumba ya mwisho nitampelekea zote, nimwangukie miguuni.'"

Bimdogo alijiziba mdomo kwa ukaya wa kichwani.

"Ziko hapa kwa nini?" aliuliza mzee. Alimgeukia Mwanatumu, na sauti yake ikapasuka kwa mara ya kwanza. "Inspekta, wale wa paneli wamepiga simu tena. Kesho waja kuzishusha. Nimewauliza nilivyokuuliza wewe, nao hawakunijibu. Nikienda kaburini kwake nimwambie nini? Nimesimama dari lile, nimetazama kila waya. Mwanangu alikosea wapi?"

Mwanatumu alimtazama Bimdogo. Swali halikuwa lake tena.

Bimdogo alikifunua kile chakula, akakitazama, akakifunika. Akaikunja leso iliyochanika, akaiweka mapajani mwa mzee.

"Hakukosea, mkwe," alisema. "Alizima. Alifunika. Hodi alipiga tatu. Na aliponiona nimeshika pindo aliniambia, 'Mama, usivute, hiyo ndiyo roho yangu, jua likipiga nafa.' Nilimsikia, Idarus. Nilijua."