Baba Mkwe Ndani ya Kompyuta

“Tukuswiga, mgonjwa wako anakufa! Fanya kitu!”

Prisca, mwanafunzi mwenzangu, alinipigia kelele sikioni. Kwenye skrini, mama aliyetoka kujifungua alijifunika kitenge hadi shingoni. Presha ilishuka. Nilibofya dripu, nikabofya oksijeni. Kila nilipobofya “Kagua damu inayotoka”, alikaza kitenge. Kando ya kitanda alikaa mzee mwenye koti.

Skrini ikaandika: “Mgonjwa amefariki. Hukumwomba baba mkwe atoke.”

Darasa zima la uuguzi likacheka.

“Kumbe hata wa kompyuta ni Mnyakyusa!” Prisca alisema. “Anamwogopa mkwe, hafunuliwi mbele yake!”

Mimi sikucheka. Kitenge kilikuwa cha njano, chenye samaki wa bluu. Nilimnunulia dada yangu Hosiana kimoja kama hicho kule mpakani Kasumulu, na ndicho alichokuwa amevaa siku alipokufa baada ya kujifungua, miaka mitatu iliyopita. Baba mkwe wake ndiye aliyempeleka kituo cha afya.

Zoezi lile lilitengenezwa na Ipyana, mkufunzi wetu wa kompyuta. Mchumba wangu.

Nikamwandikia: “Hicho kitenge ulikiona wapi?”

Alisoma. Baada ya kipindi nilimkuta barazani, simu bado mkononi.

“Nilikuwepo, Tuku.”

“Wapi?”

“Kituoni. Kabla ya kompyuta nilisomea uuguzi; nilikuwa kwenye mazoezi. Muuguzi alikuwa anahangaika na mtoto, mimi nikaachiwa dada yako. Nikitaka kumfunua, anakaza kitenge. Mkwe wake yupo palepale.”

“Si ungemtoa!”

“Mzee wa watu? Ningemwambiaje mzee wa watu toka nje? Niliona aibu. Nikasubiri aondoke mwenyewe. Alipoondoka, godoro lilikuwa limelowa damu.”

Nikakaa chini kwenye saruji.

“Ulijua lini kuwa ni dada yangu?”

“Siku niliyokuja kujitambulisha kwenu. Niliona picha ukutani.”

“Na wali wa mama ukala!”

“Nilikula.”

“Na ng’ombe wa mahari ukaleta!”

“Niliogopa kukupoteza. Ndiyo maana nikatengeneza lile zoezi. Nilitaka kila anayetoka hapa awe ameshamtoa yule mzee, hata mara moja.”

“Darasa limemcheka dada yangu, Ipyana.”

Alitia simu mfukoni.

“Twende nyumbani Matema,” nikasema. “Ukamwambie mama kwa mdomo wako.”

Mama alikuwa uani, anasugua chungu kibichi kwa kokoto. Ipyana alipiga magoti, akasema yote. Mikono ya mama ilisimama juu ya udongo.

“Miaka mitatu naambiwa ni mapenzi ya Mungu,” mama alisema polepole. “Kumbe ni aibu. Alisema nini mwishoni?”

“Aliuliza kama mtoto amelia. Nikamwambia amelia.”

“Alilia kweli?”

“Kweli, mama.”

Mama alijifuta uso, tope likabaki shavuni.

“Ndaga, baba,” akamwambia. “Sasa najua hakufa peke yake. Inuka.”

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka darasani. Mama amemshukuru!

Ipyana alinigeukia.

“Na wewe, Tuku? Harusi je?”

“Mama amekusamehe. Mimi bado.”

“Nisubiri?”

“Sijui. Msiba wa dada yangu niliulilia bila kujua alivyokufa. Leo ndiyo nimejua. Nenda, Ipyana. Niache nianze kulia.”