Chumvi ya Ng'ombe Kwenye Tangi la Nesi

"Jiwe ulirusha wewe, Nesi. Usimsingizie mbuzi kwamba amejikwaa," alisema Mama Mokami, mikono kiunoni. Majirani wa Kenyamonta, ambao habari kwao ni kitoweo, walishajazana uani.

Nesi Honoratha alijibu kwamba mbuzi huyo amemaliza sukuma wiki yake yote, na kwamba mwenye mifugo huifunga. Akaondoka kwenda zamu.

Mokami, binti wa darasa la sita, alimwinamia mbuzi. Mbuzi alikuwa wake, alimlea kwa chupa, na sasa amelala mguu umevunjika. Akajiapia moyoni kwamba na Nesi ataumia.

Alijua pa kumuumizia. Nesi akiwa zamu, Mokami ndiye aliyeachiwa ufunguo aangalie tangi la kioo. Humo, ndani ya maji ya chumvi, liliishi tumbawe ambalo Nesi aliachiwa na marehemu baba yake kule Tanga. Ukiliona utasema jiwe, kumbe ni kundi la wanyama wadogo wanaochanua kama maua. Nesi alishamfundisha: maji hukauka, chumvi hubaki, kwa hiyo ongeza maji matupu tu, yasiyo na chumvi.

Jioni ile Mokami alimimina humo bakuli zima la chumvi ya ng'ombe, ile ya kulambishwa mifugo. Tumbawe likajikunyata, likaanza kupauka. Akafunga mlango akitabasamu.

Nyumbani alimkuta Nesi, ametoka zamu, amepiga magoti zizini, anamfunga mbuzi mguu kwa vijiti na bandeji. Alikuwa akimwambia mama, "Hasira zilinizidi. Nimekosa."

Tabasamu likamkauka Mokami. Angeweza kunyamaza, joto likasingiziwa kulipausha tumbawe.

"Shikamoo, Nesi. Nimetia chumvi ya ng'ombe kwenye tangi."

Nesi alimkazia macho. Kisha akamshika, wakakimbia. Mokami alitaka kumwaga maji yote, akakatazwa: mabadiliko ya ghafla yangeliua tumbawe. Wakapunguza taa, wakachota maji kidogo, wakaongeza matupu kidogo, wakarudia kila jioni mpaka tumbawe likachanua tena.

Siku lilipochanua, Nesi alikuja mwenyewe kwa akina Mokami kutoa habari. Mama alimgeukia binti yake.

"Umeona? Kisasi chako hakikuunga mfupa wa mbuzi. Aliyeuunga ni aliyeuvunja, baada ya kukubali kosa."

Akamtazama Nesi. "Na wewe, hasira zangu bado hazijaisha. Ila ugali umeiva. Pita ndani tule."