Pasaka Iliyotangulia Jua

Jumamosi Kuu ilikuwa siku ya chokaa. Tangu asubuhi Atuganile na binamu yake Yudith walikuwa makaburini, kila mmoja na ndoo yake, wakipaka rangi mawe yaliyozunguka makaburi ya ukoo. Ukungu wa mlima Rungwe ulishuka, ukapanda, ukashuka tena kama mtu aliyesahau alichofuata.

Katika kijiji kile cha Wamoraviani, Pasaka haikuanzia kanisani, bali hapo makaburini. Kabla ya mapambazuko wapiga tarumbeta wawili walipita njia zote wakiamsha watu. Kila aliyeamka alichukua maua yake, akaenda kusimama karibu na wafu wake kulingoja jua. Ukingo wa jua ulipochomoza, mchungaji alipaza sauti, "Bwana amefufuka!" na kijiji kizima kikaitika, "Amefufuka kweli kweli!" Hakuna aliyekuwa na saa isipokuwa mchungaji, na hata yeye, watu walisema, aliamshwa na tarumbeta.

Mpigaji wa kwanza alikuwa mzee Yotamu. Wa pili alikuwa Anania, baba yake Atuganile. Kila Pasaka walikutana darajani, wakaanza pamoja.

"Unajua kesho ni tarehe ngapi?" aliuliza Yudith. Alikuwa amekuja likizo kutoka Mbeya mjini, ambako baba yake alikuwa fundi cherehani.

"Kesho ni Pasaka."

"Pasaka si tarehe, ndugu yangu. Kesho ni tarehe mosi Aprili. Kwetu mjini ni Siku ya Wajinga! Unamdanganya mtu, akinasa unamcheka, naye haruhusiwi kukasirika. Mwisho saa sita mchana. Mwaka jana nilimwambia mwalimu kuna nyoka chini ya meza yake, akapanda juu ya kiti na viatu vyake!"

"Hakukuchapa?"

"Alicheka mpaka akafuta machozi. Lakini ninyi watu wa mlimani mtaweza wapi? Mnalala na kuku, mnaamka na kuku."

"Kesho hatuamki na kuku," Atuganile alijibu kwa hasira. "Kesho tunaamka na tarumbeta."

Chokaa ikadondoka kutoka kwenye brashi yake, tone baada ya tone, wala hakuiona. Wazo lilikuwa limemwingia.

Nyumba ya Anania ilikuwa nyumba ya sala, na ilikuwa nyumba ya kicheko pia. Krismasi iliyopita baba alimpa mama zawadi iliyofungwa kwa karatasi nyingi, moja ndani ya nyingine, na ndani kabisa kulikuwa na gimbi bichi. Kesho yake mama alimtengea baba sahani iliyofunikwa vizuri kwa jani la mgomba. Baba akafumba macho, akaombea chakula kwa sala ndefu, akafunua, akakuta mawe ya mtoni. Walicheka wote, na baba ndiye aliyecheka zaidi. Basi Atuganile hakuona ubaya wowote katika wazo lake.

Jioni ile baba aliliweka tarumbeta jikoni, kando ya mafiga, kwa sababu baridi ya mlimani ilifanya vitufe vyake kuwa vizito. Jikoni ndiko walikolala wasichana wakati wa likizo. Baba alikuwa amemfundisha Atuganile kupuliza sauti za mwanzo za wimbo wa Pasaka, nyuma ya nyumba, kwa mchezo tu. Wasichana hawakupiga tarumbeta kijijini pale, na zaidi ya baba hakuna aliyejua kwamba anaweza.

Alipoamka, moto ulikuwa umebaki macho mekundu matatu. Alimtikisa Yudith.

"Twende ukaone kama watu wa mlimani hawawezi."

Nje hapakuwa na mbingu wala nchi, ni ukungu mtupu. Atuganile alisimama nyuma ya migomba, akavuta pumzi, akapuliza. Sauti ikatoka nyembamba, kisha ikanenepa, ikapotea katika weupe ule. Baadaye ikarudi kutoka ng'ambo ya mto, kana kwamba huko kulikuwa na kijiji kingine kama chao, na msichana mwingine nyuma ya migomba mingine. Mlango ukalia. Taa ikawaka, halafu nyingine juu yake, halafu nyingine, zikielea kama vimulimuli waliolewa usingizi. Ilikuwa nzuri kiasi kwamba alisahau kucheka.

Walikimbia jikoni, wakalirudisha tarumbeta kando ya mafiga, wakajifunika blanketi. Mara baba akaingia akifunga vifungo vya koti.

"Jamani, Yotamu amenikimbia leo!"

Akalichukua tarumbeta, kisha akasita. Aliligusisha shavuni, akaliacha hapo kidogo. Lilikuwa baridi, limelowa ukungu. Akalitazama blanketi, akatoka nalo.

Makaburini watu walionekana nusu nusu: hapa bega, pale kilemba, kule taa iliyojishikilia yenyewe hewani. Mawe yaliyopakwa chokaa yaling'aa kama meno. Waliimba nyimbo walizozijua, wakazimaliza, wakazirudia. Jua halikuja. Watoto walilala migongoni mwa mama zao, na wazee waliketi kwenye nyasi zenye maji.

"Sasa waambie, 'Siku ya Wajinga!'" Yudith alinong'ona. "Waambie wacheke."

Atuganile alifungua kinywa. Alitafuta uso mmoja tu uliokaribia kucheka, hakuupata. Akakifunga.

Ndipo mzee Yotamu alipofika akihema, tarumbeta mkononi, shati tupu bila koti. Kifua chake hakikupatana na baridi, kila mtu alijua. Alikohoa kwanza, kisha akaenda moja kwa moja kwa Anania.

"Anania, nimekukosea nini? Nimesimama darajani nakungoja kama bwege! Miaka yote hii tunatoka pamoja, leo unaanza peke yako, unaniacha nitoke mbio kama mwizi!"

"Kaka Yotamu, sikuanza mimi."

"Basi nani? Mizimu?"

Mchungaji alikuja na taa, akainua saa yake kwenye mwanga. "Ndugu zangu," alisema polepole, "saa tisa bado haijafika."

Manung'uniko yakapita kati ya makaburi. Mzee wa kanisa Isakwisa, mtu mkali, akapiga fimbo chini. "Tarumbeta la kanisa si filimbi ya kuchungia ng'ombe! Aliyepuliza aliweke chini leo hii, apewe mwingine."

"Yotamu hakupuliza," alisema Anania. "Tarumbeta lililolia ni langu."

Yotamu akamtazama kama mtu aliyepigwa kofi. Anania akapiga hatua mbele, akalinyoosha tarumbeta kwa mikono miwili kumkabidhi Isakwisa. Atuganile aliiona mikono ile. Baba hakuwa amesema uongo. Alikuwa ameacha tu nafasi, naye Atuganile alijua nafasi ile ni ya nani. Miguu yake ilikuwa mizito kuliko ndoo zote za chokaa, lakini aliiburuta mpaka kwenye mwanga wa taa.

"Ni mimi, Mchungaji. Nilipuliza mimi. Nilitaka kuwatania kwa sababu ni tarehe mosi Aprili. Baba hakujua. Mzee Yotamu hakujua. Nisameheni."

"Na mimi nilimchochea," Yudith akasema nyuma yake, kwa sauti ndogo isiyo ya mjini kabisa.

Ukungu ukapita kati yao na watu. Kisha mzee Yotamu akakohoa, na kikohozi kile kikageuka kitu kingine.

"Kumbe ni mtoto?" alisema. "Nami nikiwa kitandani nikajiambia, leo Anania amepuliza vizuri kuliko siku zote!"

Mtu mmoja alicheka, halafu wawili, halafu makaburi yote. Hata Isakwisa alishika kidevu chake kuficha kicheko, akamwashiria Anania abaki na tarumbeta lake. Anania alicheka pia, ingawa macho yake yalikuwa yamelowa.

"Jua halimtii mtoto," mchungaji alisema. "Njia zinateleza na wazee wamekwisha kufika. Tutalingoja hapa hapa. Ninyi wawili mtatutafutia moto."

Wakakimbia. Walileta koti la mzee Yotamu, wakaleta makaa ya moto katika chungu kilichopasuka, na kuni kavu kutoka darini, na chai ya maziwa ambayo mama aliichemsha bila kuwagombeza, jambo lililowauma kuliko kugombezwa. Watu waliuzunguka moto wakasimuliana habari za wafu wao: nani aliimba vizuri, nani aliogopa mbuzi, nani alipanda miti ile. Atuganile alisikia majina ambayo jana aliyapaka chokaa tu. Na jua lilipochomoza hatimaye, jekundu, likilowesha ukungu wote rangi ya chungwa, Yotamu na Anania walisimama bega kwa bega wakapuliza pamoja. Mchungaji akapaza sauti, na kijiji kikaitika kwa nguvu ambayo hakuna aliyekumbuka kuisikia.

Baada ya ibada baba alitoa adhabu: wasichana waende nyumba kwa nyumba, juu na chini ya mlima, waombe radhi. Walikwenda. Nyumba ya kwanza walisamehewa na kupewa ndizi za kuchemsha. Ya pili walifokewa, kisha wakapewa maharage. Kila mlango ulikuwa na maneno yake na sahani yake, na kukataa sahani ya Pasaka ni kumtukana mwenye nyumba. Waliporudi adhuhuri hawakuweza hata kumtazama kuku aliyepikwa na mama.

Atuganile alimkuta baba barazani, akipangusa tarumbeta kwa kitambaa.

"Baba, bado umekasirika?"

"Nilikasirika kule makaburini. Sasa imebaki huzuni kidogo, nayo inaondoka. Keti." Alimpisha nafasi. "Unajua kwa nini mzee Yotamu alitoka bila koti?"

"Aliharakisha."

"Aliamini. Mtu mwenye shaka angechungulia nje kwanza, angeuliza. Hakuna aliyeuliza. Kijiji kizima kilitoka gizani na watoto mgongoni, kwa kuwa tangu tarumbeta hili lifike hapa halijawadanganya hata siku moja. Wewe ulidhani unacheza na usingizi wao, mwanangu, kumbe ulikuwa unacheza na uaminifu wao. Utani haukatazwi katika nyumba hii. Mtanie mtu kwa kitu chako, na umtanie hivi kwamba yeye mwenyewe atacheka. Lakini kitu ambacho watu wote wanakitegemea, usikifanyie mchezo. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabeba mzigo wako."

Atuganile aliinamisha kichwa. "Uliubeba wewe."

"Niliubeba," alisema baba, akamwekea mkono begani. "Ulikuwa mzito kweli. Nilifurahi uliponipokea."